Mtupo Ambao Hakuna Aliyeuona

Je, mtu anaweza kutenda dhambi katika mchezo? Wengi wetu tukiulizwa swali hili tutacheka kidogo, kisha tutajibu kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba Mungu ana mambo makubwa ya kuangalia kuliko hesabu ya nani alishinda Jumamosi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo halitoshi, kwa sababu mengi tunayoyajua kuhusu kweli na uongo tulijifunza kwanza tukiwa tunacheza: kwenye bao, kwenye kombolela, kwenye mpira wa makaratasi nyuma ya darasa. Huko ndiko mtoto anakogundua kwa mara ya kwanza kwamba kete inaweza kufichwa kiganjani na dunia isianguke. Anachofanya na ugunduzi huo si jambo dogo.

Tunapenda kulitazama swali hili kupitia mchezo ambao baadhi yenu, wapendwa, mmetuona tukiuendea siku za Jumamosi, tukiwa na mifuko begani na watoto nyuma yetu, nanyi mmetuuliza zaidi ya mara moja tunatafuta nini porini. Sisi ni wazazi na vijana wa ushirika huu unaoabudu kwa Kiswahili hapa Kentucky. Asili ya wengi wetu ni mashariki ya Kongo. Wengine tumetoka Burundi, Tanzania na Kenya. Mchezo wenyewe wenyeji wanauita diski gofu. Sisi tumezoea kuuita gofu ya visahani.

Tuueleze kwa ufupi kwa ajili ya wasioujua. Badala ya fimbo na mpira mdogo, mchezaji anarusha kisahani cha plastiki, chembamba ukingoni, ambacho kanuni haziruhusu kizidi gramu 200. Badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma kilichosimama juu ya nguzo, na juu ya kikapu inaning'inia minyororo. Kisahani kikiigonga minyororo kinapoteza kasi na kuangukia ndani. Unaanza mahali palipowekwa alama, unarusha, unakifuata kisahani kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie kikapuni. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Kila hatua inaitwa shimo, ingawa hakuna shimo lolote. Jina limebaki kutoka kwenye gofu ya zamani.

Uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu ulisanifiwa na Ed Headrick, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyouza visahani vya Frisbee. Ulikuwa Oak Grove Park, La Cañada Flintridge, California, mwaka 1975. Mwanzoni watu walilenga nguzo tupu. Baadaye Headrick akabuni kikapu chenye minyororo. Mwaka 1976 alianzisha chama cha wachezaji, PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachotunza kanuni. Viwanja vingi viko katika bustani za umma na havitozi kiingilio. Kwa familia yenye watoto watano na mshahara mmoja wa ghalani, hilo si jambo la kupuuza. Kisahani kimoja kinatosha kuanza, na mtoto wa miaka saba anaweza kucheza na babu yake katika kundi moja.

Uwanja tunaouzungumzia hapa uko Burlington, kaskazini mwa jimbo letu, katika bustani ya umma ya kaunti ya Boone. Unaitwa Idlewild. Viwanja vingi vina mashimo 18; huu una 24, na sehemu kubwa yake imo ndani ya msitu wenye vilima. Wachezaji wa kulipwa wameshindana hapo, na hata wao wamehangaika. Mtu anayeuendea akidhani nguvu ya mkono itamsaidia hurudi na somo. Uwanjani penye nyasi, mwenye mkono mkubwa ndiye bwana. Msituni njia ni nyembamba kama ya ng'ombe, miti imesimama pande zote mbili, na kisahani kilichorushwa kwa nguvu bila unyofu hugonga shina la kwanza na kurukia vichakani, wakati mwingine nyuma ya pale ulipokuwa umesimama. Huko vichakani kuna kupe, kuna miiba, kuna ule mmea wenye majani matatu matatu unaowasha ngozi kwa wiki nzima. Na huko vichakani ndiko swali letu linakoanzia.

Jambo la ajabu katika mchezo huu ni kwamba hauna refa wa kukufuata kila hatua. Kwa kawaida wachezaji wa kundi wenyewe ndio waamuzi wao, hata katika mashindano. Kanuni ni nyingi na baadhi ni kali. Kisahani kikitoka nje ya mpaka, unajiongezea mtupo mmoja wa adhabu. Kikipotea, mnakitafuta kwa dakika tatu. Zikiisha hamjakipata, unaongeza mtupo wa adhabu na kurudi ulikorushia. Huruhusiwi kuvunja tawi wala kulikunja ili ujipatie nafasi. Lazima usimame kwa namna inayousumbua mti kidogo iwezekanavyo. Mguu wako lazima uwe nyuma ya alama ya pale kisahani kilipotua, na karibu na kikapu huruhusiwi kukanyaga mbele kabla hujasimama imara. Mwisho wa kila shimo kila mmoja anataja hesabu yake, nayo inaandikwa.

Sasa fikirini hali hii ndani ya msitu. Kisahani chako kimeingia bondeni. Wenzako wako njiani, juu, wakitafuta vya kwao. Hakuna anayekuona. Tawi liko mbele ya uso wako, unene wake ni wa kidole. Mguu ukisogea inchi nne mbele utapata upenyo. Ukirusha kikagonga mti na kuanguka miguuni pako, hakuna aliyesikia zaidi ya mlio mmoja, na msituni milio ni mingi. Ni wewe na hesabu yako.

Katika shindano dogo tulilowaandalia vijana wetu, kijana wa miaka kumi na minne alikuwa anaongoza. Yalikuwa yamebaki mashimo machache. Kisahani chake kikagonga mti na kushuka vichakani; akakifuata peke yake. Baada ya muda kisahani kikatokea kikiruka vizuri kabisa kati ya miti, watu wakapiga makofi, akatoka, akamalizia. Wote tulihesabu tano. Alipoulizwa hesabu yake akasema, "Sita." Akaeleza kwamba kule bondeni alirusha mara mbili, ule wa kwanza uligonga shina na kumrudia miguuni.

Mzee aliyeshika karatasi ya alama ni mtu tunayemheshimu sana, mcha Mungu, anayewaombea watoto wetu kwa majina. Alimtazama kijana kwa huruma akamwambia, "Mwanangu, tuandike tano. Hakuna aliyeona."

Kijana akasema, "Lakini Babu, mimi nilikuwa pale."

Ikaandikwa sita. Alimaliza wa pili, akizidiwa mtupo mmoja. Kwa ile tano wangelingana na mwenzake, na wangerushiana tena kumpata mshindi. Kisahani kipya cha zawadi alikichukua mwenzake.

Tungeweza kuishia hapo, tumsifu kijana na kumwambia kila mtoto awe kama yeye. Hiyo ingekuwa insha fupi, na isingemtendea haki yule mzee. Jambo hili lilizungumzwa katika kipindi chetu cha kujifunza Neno, tena kwa ombi lake mwenyewe, na alichosema kilitufanya tunyamaze wote. Alisema hivi: "Mimi nimelala msituni na wanangu usiku mwingi. Watu wenye bunduki walipita karibu hivi, tukazuia hata kukohoa. Kulipokucha tukapiga magoti kumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyetuona. Kwangu mimi neno hilo ni neno la shukrani. Ninyi mnaliita neno la uongo?"

Ndugu, wengi katika ushirika huu wanajua anachokisema. Kwao msitu haukuwa mahali pa kuchezea. Ulikuwa nyumba ya kujificha. Baadaye kambini, wengine huko Nyarugusu mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, kuficha kuliendelea kwa namna nyingine: kuficha kabila, kuficha jina la kijiji, kuficha uliyemwona na nani. Aliyesema kila kitu kwa kila mtu hakudumu. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi na tano hawezi kuamka Kentucky asubuhi moja akawa na ulimi mwingine.

Kwa hiyo swali letu limekuwa zito kuliko lilivyoonekana. Haliulizi tena kama uongo ni mbaya, maana hilo tunalijua tangu Shule ya Jumapili. Linauliza hivi: kuficha kulikokuwa wokovu katika msitu ule, kwa nini kuwe kosa katika msitu huu?

Maandiko hayatuachi bila msaada. Wakunga wa Kiebrania huko Misri walimficha Farao kile walichokuwa wakikifanya, na Mungu akawatendea mema. Mama yake Musa alimficha mwanawe miezi mitatu. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya dari, chini ya mabua ya kitani, akawaelekeza watafutaji njia nyingine. Na barua kwa Waebrania inamtaja katika orodha ya watu wa imani. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayekemewa kwa kuficha. Lakini katika kitabu hichohicho cha Yoshua, sura chache mbele, tunamkuta Akani, aliyeficha fedha, dhahabu na vazi zuri chini ya hema yake, na kule kuficha kukawa msiba kwa watu wote.

Tofauti iko wapi? Haiko katika ukubwa wa kilichofichwa, wala katika ustadi wa mfichaji. Tunaona kwamba tofauti iko kwa yule aliyesimama upande wa pili. Rahabu aliwaficha watu ili wasiuawe na waliokuwa wakiwatafuta. Akani aliwaficha vitu watu waliokuwa wakitembea naye, waliomwamini kuwa mmoja wao, ambao wangeumia kwa tendo lake bila kujua kwa nini. Wa kwanza alilinda uhai dhidi ya adui. Wa pili alikula imani ya ndugu zake.

Tukilirudisha jambo hili uwanjani, linaeleweka. Wale watu wanne walioko njiani, wakingoja utoke kichakani, hawakutafuti wakuue. Wamekuachia wewe mwenyewe uwaambie ulichofanya. Wamekukabidhi jambo ambalo hawana njia ya kulihakikisha, na wamekubali kwamba neno lako litaandikwa. Hiyo ni zawadi. Ukiitumia kuwapunja, umechukua silaha uliyoitumia kwa adui ukaielekeza kwa rafiki. Na hatari ya silaha hiyo ni kwamba haitoi sauti. Rafiki hajui kwamba amepigwa.

Kuna jambo la pili ambalo lilimgusa yule mzee kuliko la kwanza. Kijana huyu aliletwa hapa akiwa na miaka minne. Hakumbuki bunduki. Sisi tuliokimbia tulirithi mazoea ya kuficha pamoja na sababu yake. Tunajua yalitoka wapi na yalikuwa ya nini. Watoto wetu wakiyarithi, watayarithi bila sababu. Watabaki na ujuzi wa kuficha ambao haukumbuki tena adui ni nani, na ujuzi wa namna hiyo hutafuta kazi popote: kwa mwalimu, kwa mke, kwa kanisa.

Na hapa ndipo mchezo unapoacha kuwa mchezo tu. Wengi wetu tunawategemea watoto wetu kwa lugha. Kijana wa miaka kumi na minne anayetaja mitupo yake Jumamosi ndiye anayeketi Jumanne kati ya mama yake na mtumishi wa ofisi, akitafsiri maswali: wangapi mnaishi katika nyumba hii, ulifanya kazi saa ngapi mwezi uliopita, kuna mapato mengine? Mzazi akiona jibu la kweli litamletea usumbufu, anajaribiwa kumnong'oneza mtoto, "Mwambie tu hivi." Mtoto anaisikia kweli kwa lugha ya nyumbani, anaitoa ikiwa imebadilika kwa lugha ya ofisini, na katikati, katika nafasi ile ndogo ambayo hakuna anayeielewa isipokuwa yeye, yuko peke yake kama kule bondeni. Je, tunataka aseme tano au sita?

Tunajua kwamba mtumishi wa ofisi si rafiki kama wale wenzetu wa uwanjani. Wengine ni wakali, na barua zao zinatutia hofu. Lakini pia si yule mtu wa bunduki. Hajatafuta uhai wetu. Msaada anaougawa umetoka katika kodi ya majirani, nasi tukiwemo, na ameuliza swali ambalo sheria inamtaka aulize. Mahali ambapo kanuni inaonekana kutuonea, njia ya wazi ipo: kuuliza, kukata rufaa, kuomba mmoja wa ushirika anayejua sheria aandamane nasi. Njia hiyo ni ndefu na inachosha. Lakini haimfanyi mtoto wetu awe mahali pa kufichia vitu. Hilo ndilo tunaloliona kuwa la kuogopwa zaidi, kuliko barua yoyote.

Kuna miti miwili katika Maandiko ambayo tumekuwa tukiifikiria tangu siku ile. Wa kwanza ni miti ya bustani ya Edeni, mahali Adamu na mkewe walipojificha waliposikia Bwana akitembea. Huo ndio mwanzo wa mwanadamu kuutumia msitu kumficha Mungu uso wake. Swali waliloulizwa lilikuwa jepesi, kwamba uko wapi, na Adamu akajibu kwamba aliogopa akajificha, kisha alipoulizwa zaidi akataja mkosaji mwingine. Mti wa pili ni mtini wa Nathanaeli katika Injili ya Yohana. Nathanaeli alikuwa chini ya mti, hatujaambiwa akifanya nini, na alidhani yuko peke yake. Alipofika kwa Yesu akaambiwa kwamba alikwisha kuonekana pale kabla Filipo hajamwita, na kwamba yeye ni mtu asiye na hila. Adamu alionekana akaogopa. Nathanaeli alionekana akaamini. Macho yaliyowaona ni yaleyale.

Mara nyingi tumewafundisha watoto kwamba Mungu anaona kila kitu, na tumelisema hilo kwa sauti ya kutishia, kama anayewaambia kuna kamera dukani. Yule kijana hakusema, "Mungu ananiona." Alisema alikuwa pale. Tunaamini kwamba maneno haya mawili yako karibu kuliko yanavyoonekana. Mtu anayejua kuwa anaonwa na anayempenda hana haja ya kuwa watu wawili, mmoja wa njiani na mmoja wa kichakani. Yule aliyeko kichakani na yule anayetaja hesabu ni mtu mmoja, na anaweza kulala usingizi.

Tumesikia pingamizi, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba tunawarudisha watu chini ya sheria. Kwamba kuhesabu inchi za mguu ni kama wale waliotoa zaka ya mnanaa na bizari na jira wakaacha adili, rehema na imani. Onyo hilo ni la kweli. Tukumbuke lakini kwamba Bwana, alipowakemea watu wale, hakuwaambia waache yale madogo. Aliwaambia wasiyaache yale makuu. Tena aliwakemea kwa kukosa rehema, naye aliyekwenda kimya kichakani kujipunguzia mtupo hajamrehemu mtu yeyote.

Rehema katika mchezo ipo, na tunaitumia kila Jumamosi. Watoto wadogo tunawaruhusu waanzie mbele. Mama mmoja mwenye goti bovu haendi bondeni. Anarushia njiani bila adhabu. Mgeni akija mara ya kwanza hatumhesabii kabisa. Lakini yote haya tunakubaliana kabla ya kuanza, kwa sauti, kila mtu akisikia. Rehema hutolewa hadharani na hupokewa kwa shukrani. Ile inayochukuliwa kwa siri, mtu akijihurumia mwenyewe kwa mali ya wenzake, haistahili jina hilo. Kama yule mzee angesema mbele ya wote, "Tumsamehe kijana ule mtupo," na mpinzani wake akakubali, hiyo ingekuwa rehema, na sisi tungeipigia makofi. Ila angelazimika kwanza kusema kwamba mtupo ulikuwepo.

Pingamizi ya pili ni hatari iliyo upande wa pili wa njia: kwamba tukisisitiza sana jambo hili tutazaa walinzi wa kanuni, watu wanaomfuata ndugu kichakani kumhesabia. Hilo nalo limetokea katika makanisa mengi, si michezoni tu. Kanuni za mchezo zinamruhusu mchezaji kutaja kosa la mwenzake aliloliona, na Bwana pia ametufundisha kumwendea ndugu aliyekosa, kwanza tukiwa sisi na yeye peke yetu. Lakini hakuna kanuni inayomtaka mtu aache kisahani chake akamvizie mwingine. Kila mmoja wetu ana bonde lake la kutosha. Tumekubaliana hivi: hesabu yako unaitaja kwa sauti, kosa la mwenzako, ukiwa umeliona wazi, unamwambia taratibu, na ambalo hukuliona unamwachia yeye na Mungu wake, bila kununa.

Kuna pia swali la vitu vinavyookotwa, ambalo ni dada wa swali hili. Msitu wa namna ile umejaa visahani vya watu waliochoka kutafuta. Wengi huandika jina na namba ya simu upande wa chini. Vijana wetu mwanzoni waliuliza kama wanaweza kuvichukua, maana watu wana usemi kwamba kuokota si kuiba. Tuliwasomea Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ambapo Israeli anaagizwa kwamba akimwona ng'ombe au kondoo wa nduguye amepotea, asijifanye hakumwona. Amrudishe, na ikiwa mwenyewe yuko mbali au hajulikani, amweke nyumbani mpaka atafutwe. Agizo hilo linataja ng'ombe, punda, vazi, kisha linamalizia kwa kila kitu kilichopotea. Kisahani cha plastiki kinaingia humo.

Basi sasa tunapiga simu. Wengine wanaopokea hushangaa kusikia lafudhi yetu, kisha hufurahi. Mmoja alisema kisahani kile kilikuwa cha baba yake aliyefariki, na alikuwa amekirudia kukitafuta mara tatu. Wengine husema tu, "Baki nacho, mpe mtoto," na hapo kisahani kinakuwa cha mtoto kwa haki, kwa mdomo wa mwenye mali. Mtoto anayekipata kwa njia hiyo hakifichi mwenye duka la michezo akipita. Anaeleza kilikotoka.

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba uaminifu hulipa mara moja. Yule kijana alishindwa, na hakuna aliyemletea kisahani kingine nyumbani jioni. Mti hauhami kwa sababu aliyerusha ni mkweli. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali, lakini hakuandika kwamba kila ashindanaye kwa halali atapewa taji hapa. Alichokipata kijana ni kitu kimoja: akitaja hesabu yake sasa, hakuna anayeinua kichwa kuangalia. Inaandikwa tu. Wengine wetu tumeishi miaka mingi katika nchi ambazo neno letu lilitiliwa shaka kila mpakani, na tunajua hilo ni utajiri wa namna gani.

Yule mzee bado hakubaliani nasi kabisa, na tunamshukuru kwa hilo, kwa kuwa anatuzuia tusijione wasafi. Anasema Mungu angesamehe ile tano bila hata kuombwa. Tunaamini hivyo pia. Lakini neema haikutolewa ili tupate mahali pazuri zaidi pa kujificha. Ilitolewa ili tutoke kati ya miti. Mtu aliyesamehewa ana uwezo wa kusema sita, kwa sababu sita haiwezi tena kumwondolea kitu ambacho ni chake kwa Kristo. Anayehitaji tano kwa gharama yoyote ni yule ambaye bado anadhani thamani yake iko kwenye karatasi.

Kwa wale waliotoka katika msitu wa hofu, tunaomba Mungu awaponye polepole, wala tusiwahukumu kwa mazoea yaliyowaokoa. Kwa wazazi, tunaomba ujasiri wa kuwaachia watoto wetu ulimi mmoja, nyumbani na ofisini. Na kwa kila msomaji tunaomba jambo dogo la wiki hii: palipo na hesabu ambayo ni wewe peke yako unayeijua, iwe ya saa za kazi, ya sadaka uliyokabidhiwa kuhesabu, au ya mitupo, itaje kama ilivyo, kwa sauti ya kawaida, kisha uendelee na safari. Bwana atusaidie. Amina.